Je, Wajua: Jua la Utosi Huchelewa Suna

Kwenye utabiri wa hali ya hewa katika simu, chini ya joto na mvua, kuna namba ndogo iliyoandikwa UV. Hicho ni kipimo cha miali ya urujuanimno, sehemu ya jua isiyoonekana lakini inayobabua ngozi. Kanada ilianza kukitangaza mwaka 1992. Leo Shirika la Afya Duniani hushauri kujikinga kuanzia 3, na kuanzia 11 ni kali kupindukia. Suna, mjini Migori, iko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, na siku ya anga jeupe kufika 11 si ajabu.

Ila namba hiyo mara nyingi ni ya kilele cha siku tu, na kilele hicho hakiji pamoja na joto. Ardhi hupata moto polepole, ndiyo maana fukuto huzidi saa nane au tisa alasiri. Miali hii haiingojei ardhi. Jua likiwa upande, hulazimika kupenya ozoni nyingi zaidi, na sehemu kubwa humezwa humo; kilele huja likiwa utosini.

Sasa, utosi wenyewe ni saa ngapi? Saa za Kenya hufuata longitudo 45 mashariki, mstari unaopita Somalia. Suna iko karibu na 34.5, kwa hiyo jua hufika utosini yapata saa sita na dakika 42. Februari hukaribia saa saba. Mombasa huitangulia kwa dakika ishirini hivi. Mkulima anayesubiri saa nane ndipo aende kivulini amekwisha kupigwa na kilele.

Upepo wa ziwa nao ni mwongo. Mama anayeanika omena Muhuru Bay huhisi ubaridi ilhali miali ni ile ile, na wingu jepesi huiachia miali mingi ipite. Wingu zito la radi ndilo huizuia hasa. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, humkinga mweusi, lakini si machoni, ambako miali hii huchangia mtoto wa jicho. Mwenye ualbino hana hata kinga hiyo ya ngozi.

Huna simu? Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, miali ni mikali. Mwishoni mwa Septemba, jua linapopita juu kabisa ya Suna, hali huwa hivyo tangu saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.