Je, Wajua? Mvumo wa Mzinga ni Habari

Kabla kundi la nyuki halijahama, mvumo wa mzinga hubadilika. Na aliyeifuatia siri hiyo kwa chombo, katikati ya karne iliyopita, ni Eddie Woods, fundi wa sauti wa BBC huko Uingereza, ambaye chombo chake, Apidictor, kilisikiliza mitetemo baina ya 225 na 285 kwa sekunde.

Leo kazi hiyo huweza kufanywa na kibao kidogo cha kielektroniki cha Arduino, kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambacho michoro yake i wazi kwa kila fundi kuinakili bila idhini wala ada.

Kibao hicho huweza pia kuungwa na vihisi vingine. Kihisi cha joto kikitiwa kati ya masega, maadamu mna majana, husoma nyuzi 34 hadi 35, hata nje kukiwa na baridi kali.

Lakini chenye ufasaha kupita vyote, kwa rai yangu, ni mizani iliyo chini ya mzinga: usiku uzito hupungua taratibu, maji ya mbochi yakigeuka mvuke, mchana wa maua tele hupanda, na kundi likihama, kilo nzima au zaidi hutoweka kwa dakika chache. Mwenye kutaka kujaribu na aanze na mizani.