Jabali la Festningen: Kwa Nini Jiwe Libaki Mahali Pake

Katika visiwa vya Svalbard, nchini Norwe, kwenye nyuzi 78 kaskazini ya Ikweta, liko jabali la pwani liitwalo Festningen, maana yake “Ngome”. Limesimama upande wa kusini wa mlango wa ghuba ya Isfjorden. Huko jua halichomozi kwa muda wa karibu miezi minne kila mwaka, wala hakuna msitu. Hata hivyo, mwaka 2003 serikali ya Norwe ilitenga eneo hilo kuwa hifadhi. Shabaha yake kuu haikuwa kulinda wanyama wala mimea, bali mawe na visukuku vilivyomo. Je, mawe yana thamani gani hata yalindwe kwa sheria?

Majamvi yaliyosimamishwa

Miamba ya mashapo hutokana na mchanga, tope na mabaki ya viumbe vilivyotua chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Kwa kawaida tabaka hizo hulala kama majamvi yaliyotandikwa moja juu ya jingine: la kale liko chini, la baadaye liko juu. Atakaye kulifikia la chini hana budi kuchimba.

Festningen si hivyo. Yapata miaka milioni 50 iliyopita, Greenland na Svalbard ziliposukumana katika mwendo wa ganda la dunia, majamvi hayo yalikunjwa na kuinuliwa hata yakasimama karibu wima. Kisha bahari ikayakata ubavuni. Kwa hiyo mtu atembeaye ufukoni kutoka magharibi kwenda mashariki, mwendo wa karibu kilometa 7, huianza safari yake katika miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 300 na kuendelea mbele kwenye miamba michanga zaidi. Kila hatua humsogeza maelfu ya miaka. Wanajiolojia Adolf Hoel na Anders Orvin walizipima tabaka hizo kwa uangalifu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1937.

Yasemwayo na mawe

Upande wa magharibi kuna miamba migumu ya gumegume, iliyofanyizwa kwa vijiti vya mifupa ya sifongo wa baharini. Ndani yake mna makombe mengi ya viumbe waitwao brakiopodi. Ghafla wingi huo wa makombe unakoma, na miamba laini ya tope inafuata. Hapo ndipo ulipo mpaka wa miaka milioni 252 iliyopita, wakati aina nyingi mno za viumbe wa baharini zilipotoweka duniani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kiasi cha zebaki huongezeka katika tabaka za mahali hapo. Watafiti waliihusisha zebaki hiyo na milipuko mikubwa ya volkano iliyotokea Siberia wakati huo.

Mbele zaidi, katika mwamba wa mchanga wa kipindi cha Kretasia, wanajiolojia waliokuwa katika ziara ya kongamano la kimataifa la mwaka 1960 waliona nyayo za dinosaria, zenye vidole vitatu. Mnyama yule alikanyaga mchanga mbichi uliolala. Nyayo zake zilionekana kwenye ukuta uliosimama. Tena alikuwa mla majani, na mla majani hawezi kuishi pasipo mimea. Basi nchi hii isiyo na msitu leo ilikuwa na mimea ya kutosha kumlisha mnyama mkubwa.

Bahari na mkono wa mtu

Jabali hili halidumu milele. Maji yakiingia katika nyufa na kuganda, hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua mwamba. Kisha mawimbi huchukua vipande. Hakuna sheria iwezayo kuizuia bahari. Ndiyo sababu Natascha Heintz, mtaalamu wa visukuku wa Norwe, alitengeneza nakala za nyayo zile kwa kuzifinyanga mapema katika miaka ya 1960.

Lakini bahari inapobomoa uso mmoja, hufunua mwingine nyuma yake. Mkusanyaji huchagua kombe lililo zuri kuliko yote, akaliweka kabatini, na baada ya miaka michache hakumbuki lilitoka tabaka ipi. Kombe lisilo na tabaka yake ni kama shahidi asiyejua siku ya tukio. Aidha, hatujui maswali ya kesho. Hoel na Orvin walipima tabaka. Karibu miaka 80 baadaye wengine walitafuta zebaki katika jabali lile lile, wakaipata, kwa kuwa tabaka zilikuwa bado zimo katika mpangilio wake.

Mwanafunzi aendaye na mwalimu wake kwenye korongo au machimbo ya mawe anaweza kuifuata kanuni hiyo hiyo. Akiona kisukuku, asikimbilie kukichomoa. Kwanza achore tabaka ya juu yake na ya chini yake, apime unene wa kila moja, aandike mahali na tarehe, kisha awaarifu wanaohusika na mambo ya kale. Mchoro huo mdogo waweza kuwa na faida kwa sayansi kuliko jiwe lenyewe likiwa mfukoni.