Je, Wajua? Koromeo hupanda na kushuka

Weka kidole kwenye kikoromeo chako, kisha meza mate. Kinapanda. Piga mwayo: kinashuka. Humo ndani, kwenye koromeo, ndimo zilimo nyuzi za sauti.

Mwimbaji asiye na mafunzo akizifuata noti za juu, mara nyingi koromeo hupanda nazo, na sauti hutoka nyembamba, ya kubanwa. Waimbaji wa opera hujizoeza kuliacha chini. Mwaka 1837 mwimbaji Gilbert Duprez aliishangaza Paris kwa kuimba do ya juu kwa sauti ya kifua katika opera ya Rossini, Guillaume Tell. Rossini mwenyewe, inasimuliwa, aliifananisha na ukelele wa jogoo anayechinjwa! Miaka mitatu baadaye madaktari wawili wa Lyon, Diday na Pétrequin, walieleza kwamba katika uimbaji wa namna hiyo koromeo hubaki chini.

Faida yake? Koo hupanuka, na nguvu ya sauti hujikusanya karibu na mitetemo 3000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu. Ndiyo maana waimbaji hao husikika bila maikrofoni. Mwenye maikrofoni hana haja hiyo.

Lakini usilisukume koromeo chini kwa shina la ulimi. Hapo sauti hufifia na misuli huchoka bure. Jipime: bonyeza kidole gumba chini ya kidevu huku ukiimba. Pakikakamaa, pumzika, legeza ulimi, uanze upya.