Kufundisha Upimaji wa Kanieneo ya Petroli katika Injini ya Turbo

Gari linapokosa nguvu mlimani, mwanafunzi wa ufundi hukimbilia kubadilisha pampu. Mwenye gari hulipa, na pengine ugonjwa hubaki palepale. Chanzo chake ni kukariri namba ya kitabuni bila kujua namba hiyo hupimwa kutoka wapi.

Tunapendekeza somo lianzie ubaoni. Tuchukue injini ya petroli yenye turbo, ambayo nozeli zake hupulizia kwenye njia ya hewa, si ndani ya silinda. Kidhibiti cha kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, huunganishwa na bomba la hewa kwa mpira mwembamba. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba petroli inaizidi hewa iliyo bombani kwa kiasi kilekile daima. Tuseme kilopaskali 300. Tofauti hiyo ndiyo isukumayo petroli.

Geji, hata hivyo, hulinganisha petroli na hewa ya nje. Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ina kilopaskali 85 hivi. Pwani ni 101. Injini ingurumapo polepole bila mzigo, bombani huweza kuwa na 35. Mwanafunzi akokotoe: 300 + 35 − 85 = 250. Pwani angepata 234. Gari ni lilelile, na yote mawili ni sahihi.

Sasa gari lipande mlima, turbo ikisukuma hewa kilopaskali 70 zaidi ya ile ya nje. Geji inapaswa kuonyesha 370. Ikionyesha 262, mwanafunzi mwepesi wa kuamua atasema ni nzuri, kwa kuwa imezidi 250. Mwalimu amwulize: tofauti imebaki ngapi? Ni 192 tu. Kwa kuwa mtiririko hufuata kipeo cha pili cha tofauti hiyo kinyumenyume, yaani kipeuo chake, petroli imepungua kwa asilimia 20. Mchanganyiko huo hafifu huleta joto na mgongano wa moto unaoweza kutoboa pistoni.

Baada ya hesabu ndipo karakana. Injini iwe baridi, kanieneo ipunguzwe kabla ya kufungua bomba, kizima moto kiwe karibu, wala geji yenye petroli isiingizwe ndani ya gari. Ifungwe nje ya kioo cha mbele. Kila mwanafunzi aandike tarajio lake kabla ya kupima, kisha afuate hatua hizi:

1. Injini ikinguruma polepole, auchomoe mpira wa kidhibiti na kuuziba. Geji ipande kutoka 250 hadi 300. Isipopanda, achunguze mpira na kidhibiti.

2. Mlimani, geji ikibaki 300 ilhali turbo inasukuma, kidhibiti hakipati habari za hewa. Mpira huenda umepasuka.

3. Geji ikianza kupanda kisha ikaanguka, petroli haitoshi. Apime kwanza volti kwenye pampu, akizilinganisha na za betri, kisha aangalie chujio. Pampu ihukumiwe mwisho.

Katika kusahihisha, alama nyingi zipewe sababu za tarajio kuliko namba yenyewe. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini 262 ni ugonjwa, ingawa 250 ilikuwa afya, atalitibu hata gari ambalo kitabu chake hakipatikani.