Ugonjwa Unaosafiri Ndani ya Marando

Katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, kama ilivyo kwingi Usukumani, kiazi kitamu ni chakula cha akiba. Wasukuma hukiita numbu, nao hukihifadhi kwa njia mbili: michembe, yaani vipande vinavyoanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, yaani vipande vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Akiba hiyo huivusha kaya katika miezi ambayo nafaka imepungua ghalani. Kwa hiyo, ugonjwa unaopunguza viazi bustanini hupunguza pia chakula cha kiangazi. Ugonjwa ulio mbaya kuliko yote ya zao hili katika Afrika Mashariki ni ule wa virusi.

Dalili zake

Mmea ulioshikwa na ugonjwa huu hudumaa. Majani yake huwa madogo, membamba na yaliyojikunja, na rangi yake hupauka au kuwa ya njano, hasa baina ya mishipa ya jani. Shina hufupika, na chini ya ardhi hupatikana mizizi myembamba isiyofaa kitu.

Yapasa kutofautisha dalili hizi na za matatizo mengine. Ardhi ikikosa rutuba, aghalabu mimea ya eneo zima hupauka kwa pamoja. Ugonjwa wa virusi huweza kumdumaza mmoja huku jirani yake akistawi. Viazi vikiwa na matundu na ladha chungu, adui ni fukusi. Mmea ukinyauka kwa jua la mchana na kuchangamka jioni, hauna ugonjwa, una kiu.

Virusi viwili vinavyosaidiana

Mwaka 1957, mtafiti F. M. L. Sheffield, aliyefanya kazi katika kituo cha Muguga nchini Kenya, alichapisha maelezo ya virusi vya viazi vitamu vya Afrika Mashariki na wadudu wanaovieneza. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba ugonjwa mkali hutokana na virusi viwili kukutana katika mmea mmoja. Cha kwanza huenezwa na vidukari. Kikiwa peke yake, mara nyingi mmea huonekana mzima, au huwa na mabaka machache tu ya zambarau katika majani ya zamani. Cha pili huenezwa na nzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa upande wa chini wa jani.

Kiumbe chochote hai kina namna yake ya kujilinda. Mmea wa kiazi huvitambua virusi na kuzikatakata chembechembe zao za urithi. Kirusi kinacholetwa na nzi weupe hutengeneza protini inayouvuruga ulinzi huo. Mlango ukishafunguliwa hivyo, kirusi cha kwanza, kilichokuwa kimetulia, huongezeka kwa wingi mno. Mavuno yaweza kupungua kwa zaidi ya nusu, na pengine kukosekana kabisa.

Kwa nini marando ndiyo hatari

Kiazi kitamu hakipandwi kwa mbegu bali kwa marando. Rando ni kipande cha mmea mama. Likiwa na virusi, mmea mpya huzaliwa mgonjwa. Katika nchi yenye kiangazi kirefu kama Simiyu, marando huhifadhiwa mahali penye unyevu, kandokando ya visima na mabondeni, ili yapandwe mvua zinaporudi. Hapo virusi navyo huhifadhiwa. Tena marando yakiwa adimu, mkulima hushawishika kupanda lolote alipatalo.

Namna ya kuudhibiti

Hakuna dawa ya kumponya mmea ulioambukizwa virusi, na kunyunyiza dawa ya wadudu hakuviondoi virusi vilivyokwisha ingia. Kinga ni hizi:

1. Chagua marando kutoka mimea yenye afya tu, uichunguze ingali shambani kabla ya kuvuna.

2. Katika mwezi wa kwanza baada ya kupanda, kagua bustani kila wiki. Ng'oa mmea wenye dalili na uupeleke mbali. Waweza kulishwa mifugo, kwa kuwa virusi hivi havimdhuru mnyama wala mtu.

3. Usipande bustani mpya kando ya ile ya zamani. Acha nafasi ya mita 15 au zaidi, kwani nzi weupe huambukiza zaidi mimea ya karibu.

4. Baada ya kuvuna, ng'oa masalia yanayochipua.

5. Hifadhi viazi vidogo vizima, kutoka mimea isiyo na dalili, ndani ya mchanga mkavu. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande katika kitalu na uvimwagilie ili vitoe marando.

Ziko pia aina zinazostahimili ugonjwa, lakini baadhi huchelewa kukomaa, na mwenye njaa hapendi kungoja. Kuanzia mwaka 2009, mradi wa Marando Bora wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, ulisambaza marando safi katika Kanda ya Ziwa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, ni mahali pa kuulizia aina zinazofaa.

Jaribio la shuleni

Mwalimu aweza kuligeuza somo hili kuwa utafiti. Wanafunzi watengeneze matuta mawili yenye udongo sawa, yaliyoachana mita 15. Katika moja wapande marando 20 kutoka mimea yenye dalili; katika jingine, marando 20 ya aina ileile kutoka mimea isiyo na dalili. Wayapande siku moja na kuyatunza sawasawa. Kila wiki wahesabu mimea yenye dalili na kuandika tarehe. Baada ya miezi mitano wapime mavuno ya kila tuta kwa mizani. Wajiulize pia: je, ugonjwa ulihamia tuta safi, na ulianzia upande gani? Tarakimu watakazopata wazipeleke nyumbani, kwa sababu huko ndiko marando ya msimu ujao yatakakochaguliwa.