Kingamwili Hizi Zimetengenezwa na Nani?

Mwanafunzi wa sekondari anayesoma kinga ya mwili hupewa jedwali lenye vyumba vinne: kinga tendaji ya asili, kinga tuli ya asili, kinga tendaji ya kitabibu na kinga tuli ya kitabibu. Hulikariri. Kuugua surua na kupona kunaingia chumba cha kwanza, maziwa ya mama cha pili, chanjo cha tatu, seramu cha nne. Mtihani ukigeuza swali kidogo tu, vyumba vinachanganyika, kwa sababu chanjo nyingi na seramu huja kwa sindano na zote hutolewa na muuguzi yuleyule.

Ushauri wangu ni kuliweka jedwali kando kwanza na kuuliza swali moja: kingamwili hizi zimetengenezwa na nani? Kama ni mwili wa mhusika mwenyewe, baada ya kukutana na kirusi, bakteria au kipande chake, hiyo ni kinga tendaji. Kama zimetengenezwa na mwili mwingine, uwe wa mama, wa mtu aliyetoa damu au wa farasi, zikaletwa zikiwa tayari, hiyo ni kinga tuli. Mengine yote yanafuata hapo.

Mwili unaojitengenezea huchelewa. Kati ya seli B nyingi zilizomo mwilini, ni chache tu zinazoweza kumtambua mvamizi huyo mahususi. Sharti hizo zichochewe, zigawanyike, ndipo zianze kumwaga kingamwili za kutosha, na mara ya kwanza kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili. Faida yake ni kwamba baadhi ya seli hizo hubaki kama seli za kumbukumbu, pengine kwa miaka mingi. Anayepokea hangoji, analindwa mara moja. Lakini kingamwili ni protini, na protini huchakaa. Za binadamu zikidungwa kwa sindano, nusu yake hupotea kila baada ya wiki tatu hivi, kwa hiyo wiki 12 baadaye imebaki sehemu moja kati ya 16. Na kumbukumbu haipo, kwa kuwa hakuna seli ya mpokeaji iliyofunzwa kitu.

Sasa tuingie kliniki yoyote ya mama na mtoto pale Syokimau, kaunti ya Machakos, Kenya. Mjamzito anadungwa sindano ya pepopunda. Hiyo ni kinga gani? Kwa mama ni tendaji: mwili wake unaiona sumu ya pepopunda iliyopunguzwa makali na kujifunza kuipinga. Kingamwili alizotengeneza hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na kwa mtoto hiyo ni kinga tuli. Sindano ni moja, majibu ni mawili, kutegemea unamzungumzia nani. Mtoto akishazaliwa, maziwa ya kwanza yale mazito ya manjano, dang'a, humwongezea kingamwili nyingine zinazolinda koo na utumbo wake.

Fungua kijitabu cha kliniki uone tarehe. Chanjo ya surua imepangwa miezi 9, kisha miezi 18. Wazazi wengi huuliza kwa nini isitolewe mapema, na swali lao ni la haki. Sababu kubwa ni zile kingamwili za mama. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Kikiingia mapema mno, kingamwili za mama hukidhibiti kabla seli za mtoto hazijakifahamu vizuri. Kinga ya kupokea inaweza kuizuia ile ya kujitengenezea. Ndiyo maana mtoto anayechanjwa akiwa na miezi 6, kwa mfano wakati wa mlipuko, hurudia akifika miezi 9. Chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu kwenye mkono wa kushoto, hutolewa tangu kuzaliwa, kwani ulinzi wake hutegemea zaidi seli T, kundi jingine la seli za kinga, ambazo kingamwili za mama haziziingilii.

Mahali ambapo kinga zote mbili hukutana katika mwili mmoja, siku moja, ni kwenye jeraha la mbwa. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na Machakos ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kwa majaribio katika mkakati wa taifa wa kukitokomeza, wa 2014 hadi 2030. Tuseme mwanafunzi wa Syokimau mwenye kilo 50 ameumwa kwenye shavu la mguu na mbwa asiyejulikana, damu ikatoka. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha anadungwa chanjo begani, na dozi nyingine zinafuata siku ya 3, ya 7 na baadaye. Lakini mwili utahitaji siku kadhaa kujibu, na kirusi kiko kidondani sasa hivi, kinatafuta mshipa wa fahamu wa kupandia hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Pengo hilo huzibwa kwa immunoglobulini, kingamwili za kupokea, zinazodungwa ndani ya kidonda na kukizunguka.

Kipimo chake, zikiwa za binadamu, ni yuniti 20 kwa kila kilo. Kwa mwanafunzi wetu ni yuniti 1,000, na hazizidishwi. Zikizidi zinaweza kuifunika chanjo, kama kingamwili za mama zinavyofanya kwa surua. Wala hazitolewi zikishapita siku 7 tangu dozi ya kwanza ya chanjo, kwani kufikia hapo mwili unatarajiwa kuwa umeanza kujitengenezea zake. Mwanafunzi aliyeielewa sheria hiyo ya siku 7 ameelewa somo zima, hata asipolikumbuka jedwali.

Mwanafunzi huyo akiumwa tena baada ya miaka kadhaa, na chanjo alimaliza, hapewi tena immunoglobulini. Hudungwa chanjo siku ileile na siku ya 3, basi. Seli za kumbukumbu huamka haraka. Aliyeumwa na bafe hana bahati hiyo. Dawa ya sumu ya nyoka, ambayo mara nyingi ni kingamwili za farasi, ilimwokoa bila kuufunza mwili wake chochote, na akiumwa mwaka ujao itabidi awahishwe hospitali kupewa tena kipimo kizima.