Kabla ya kununua mashini ya chuma: maneno kwa vijana wa Pinga

Kijana msomaji, wewe na wenzako mmepata pesa kidogo kwenye shimo. Sasa mnataka kuacha kubeba mifuko ya mawe na kufungua atelie. Mtu amewaonyesha katika simu mashini ya CNC: fundi anaandika programu, anafunga mlango, na kompyuta inaongoza kisu kukata chuma. Ni kazi ya kushangaza kweli. Na ninyi mnauliza: "Tununue ya marke gani?"

Swali ni zuri. Tulijibu kwanza, kisha tuone kama ndilo la kwanza.

Marke zenyewe

Haas ni ya Marekani, ilianza mwaka 1983. Mwaka 1988, kule Chicago, ilionyesha VF-1 kwa bei ya chini ya dolari 50.000, na ndipo maatelie madogo yakaanza kuitazama. Inajitengenezea kompyuta yake, kwa hiyo mashini ikigoma unauliza kampuni moja tu.

Okuma ya Japani ilianza mwaka 1898 kwa kutengeneza mashini za tambi! Nayo inatumia kompyuta yake yenyewe. Mazak, ya Japani pia, ni ya mwaka 1919. Tangu 1981 ina Mazatrol: fundi anajibu maswali kwenye kioo badala ya kuandika alama zote. Mashini hizo ni za nguvu, lakini bei yake ni ya viwanda vikubwa.

Mashini nyingi za China, Taiwani na Korea zina kompyuta ya Fanuc ya Japani ao Siemens ya Ujerumani. Faida yake ni hii: aliyejifunza Fanuc kwenye mashini moja hatapotea akipewa nyingine. Lakini ukinunua ya zamani, jihadhari. Nyingi zinalinda kumbukumbu yao kwa betri. Mashini ikilala miezi bila umeme na betri ikafa, kumbukumbu inapotea, na umebaki na chuma kizito tu.

Maswali manne ya hapa kwetu

Umeme utatoka wapi? Haas VF-2 ina mota ya kilowati 22 na inataka umeme wa nyaya tatu. Ikivuta nguvu yote, jenereta itakunywa karibu litre 7 za mazutu kwa saa moja. Ndogo zake, Mini Mill na TM-1, zina kilowati 5,6 tu na zinaweza kukubali umeme wa kawaida wa volti 240. Hapo kuna tofauti kubwa kwa mfuko wako.

Itafika namna gani? VF-2 inapita tani 3. Fikiri barabara yetu wakati wa mvua, fikiri madaraja, halafu fikiri nani ataishusha. Tena inataka sakafu ya beto iliyo sawasawa.

Nani ataitengeneza? Chukudu inapovunjika, fundi anaitengeneza kwa panga na ubao. Kadi ya kompyuta ikiungua, haichongwi kwa panga. Muuliza muuzaji: kipuri kitatoka mji gani, kwa siku ngapi, na fundi wake atakubali kuja?

Watu wanaleta kazi gani? Hili ndilo kubwa. CNC inapendeza pale unapotengeneza vipande mia vinavyofanana. Lakini mama wa kinu cha mihogo analeta ekseli moja. Mwenye pompi ya maji analeta kipande kimoja. Kwa kipande kimoja, kuandika programu na kupanga visu kunaweza kupita muda wa kukikereza kwa mkono.

Basi tufanye nini?

Tunaona hivi: kwa atelie ya kwanza huku, anzeni na mashini ya kukereza ya mkono, ile wa shule ya ufundi wanaiita tour, ya kutoboa, na ya kuchomelea. Zilizotumika zinapatikana, na fundi mwenye akili anazifungua na kuzirudisha.

Wakati huo huo, mmoja wenu ajifunze CNC. Hahitaji mashini ili aanze. Alama zake ni chache: G00 ni kwenda mbio bila kukata, G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka. Kuna programu za kompyuta zinazoonyesha kisu kikitembea, na kosa la hapo halivunji chochote.

Tena nunueni daftari. Kwa miezi mitatu andikeni kila kazi: kipande gani, vingapi, bei gani, na kazi gani mliirudisha kwa sababu hamkuweza. Mwisho wa miezi mitatu, kaeni na wazazi, mlihesabu pamoja. Kama kipande kimoja kinarudi mara mia, daftari lenyewe litawaambia kwamba saa ya CNC imefika, na hapo tutazungumza tena juu ya marke. Kama halisemi hivyo, mmeokoa jasho lenu la shimoni. Kuuliza si ujinga.